Urithi wa ukoloni katika habari za jamii zilizotengwa

MACHI 3, 1959, Waafrika 11 waliokuwa wamezuiliwa kwa ajili ya vita vya Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwa magazeti ikisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji uliotumiwa na wafanyakazi na walinzi wao. Ni uchunguzi wa hakimu uliobainisha baadaye kwamba vifo hivyo vilitokana na majeraha ya kupigwa.

Taarifa hiyo fupi ina mambo yote ambayo wataalamu wa mawasiliano huyajadili wanapozungumzia suala la kuuondoa ukoloni katika uanahabari. Ina chanzo kimoja tu, nacho ni afisi ya serikali. Waliokufa hawakutajwa majina. Walionusurika hawakuulizwa. Kitenzi kilichotumiwa kiliwafanya wafu waonekane kama waliojifia wenyewe.

Aghalabu watu hudhani kwamba ukoloni katika vyombo vya habari uliisha pale magazeti yalipopata wahariri Waafrika. Lakini mwenye gazeti anaweza kubadilika na mazoea yakabaki: nani huulizwa, nani hutajwa kwa jina, na nani huhesabiwa tu. Nchini Kenya, walioathiriwa zaidi na mazoea hayo ni jamii zilizo mbali na mamlaka, kama vile wafugaji wa kaskazini, wenyeji wa misituni, na makabila madogo ya Pwani.

MAGAZETI YA WALOWEZI

Gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1905 liliuzwa kwa Waingereza wawili, likapewa jina la East African Standard, na mnamo 1910 likahamia Nairobi. Kwa miaka mingi lilikuwa sauti ya walowezi. Mwafrika alitajwa humo kama kibarua, mshtakiwa au tatizo la utawala.

Kampuni hiyo hiyo ilianzisha gazeti la Kiswahili, Baraza, mwaka 1939. Lugha ilikuwa ya wananchi, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu habari ulikuwa wa wenye kampuni. Hili linaonyesha kwamba kuchapisha kwa Kiswahili pekee hakutoshi kuuondoa ukoloni katika habari.

Waafrika na Wahindi walijitafutia majukwaa yao. Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikikuyu lililoanza mwaka 1928. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times mwaka 1933, na katika miaka ya 1940 akafungwa kwa madai ya uchochezi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, magazeti mengi ya lugha za Kiafrika yalipigwa marufuku.

Matokeo ya marufuku hayo yalionekana katika namna vita vilivyosimuliwa. Raia wa kizungu waliouawa na Mau Mau, kwa takwimu rasmi, walikuwa 32, na mauaji ya familia ya walowezi ya Ruck mnamo Januari 1953 yaliandikwa kwa majina na picha hadi Uingereza. Takwimu hizo hizo za serikali zinataja zaidi ya wapiganaji 11,000 waliouawa. Hao walibaki idadi tu, huku wakiitwa magaidi. Ilichukua hadi Juni 6, 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa.

KASKAZINI ILIYOFUNGWA

Iwapo kuna eneo la Kenya ambako mazoea hayo yalidumu baada ya uhuru, ni lile lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD. Hizi leo ni kaunti za Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo. Wakoloni walilitenga kwa sheria ya mwaka 1902 na nyingine ya 1934, hata mgeni hangeweza kuingia wala mwenyeji kutoka bila kibali. Kutokana na hali hiyo, mzee wa Mandera aliyesafiri kuja Nairobi alizoea kusema kwamba anakwenda Kenya.

Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilibaini kwamba Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Ombi lao halikukubaliwa. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari huko, na vita vikaendelea hadi makubaliano ya mwaka 1967. Wapiganaji waliitwa shifta, neno lenye asili ya Kiamhari lenye maana ya jambazi. Serikali ilikuwa na sababu ya kulichagua, kwani jambazi hana madai ya kisiasa, na asiye na madai hahitaji kusikilizwa.

Magazeti yaliliokota neno hilo, nalo likaishi kuliko vita vyenyewe. Miaka mingi baada ya 1967, mtu yeyote mwenye bunduki kaskazini aliweza kuandikwa shifta, awe mwizi wa kawaida, mfugaji anayelinda ng'ombe wake au askari mtoro. Mbaya zaidi, neno hilo lilivishwa hata raia asiye na silaha, na kijana Msomali aliyezaliwa Garissa akalisikia likitumiwa kumwita yeye katika mitaa ya Nairobi.

Utengaji huo ulikuwa pia wa kiuchumi. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na reli, kwa matumaini kwamba faida ingesambaa baadaye. Kaskazini haikuwa na barabara ya lami, na ambako hakuna barabara, mwandishi wa habari hafiki kwa urahisi. Habari nyingi za eneo hilo zilitegemea Shirika la Habari la Kenya, lililoundwa mwaka 1963 na ambalo maafisa wake wa wilayani ni watumishi wa serikali.

WAGALLA

Gharama ya kutegemea chanzo kimoja ilidhihirika Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na maafisa wa usalama katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, katika msako wa silaha. Walizuiliwa kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi au kufa kwa mateso, kiu na joto.

Wakati huo kaskazini ilikuwa bado chini ya sheria za dharura. Redio na televisheni zilikuwa mikononi mwa serikali pekee. Habari za Wagalla zilifichuka kupitia kwa walionusurika, kwa mbunge Ahmed Khalif aliyelizungumzia suala hilo bungeni, na kwa Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, ambaye alisaidia kuokoa majeruhi na kukusanya ushahidi. Baadaye alilazimika kuondoka nchini.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikiri bungeni kwamba walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake Mei 21, 2013, ilikadiria kwamba walikaribia 1,000, ilhali makadirio mengine ya wenyeji yanafikia 5,000. Tofauti hiyo ya maelfu inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuwahesabu watu ambao, wakati wa tukio, hakuna aliyetumwa kwenda kuwahesabu.

Yeyote anayelinganisha Hola na Wagalla ataona kwamba yametengana kwa miaka 25, bendera tofauti na serikali tofauti, lakini katika matukio yote mawili maelezo ya kwanza yaliyofika kwa umma yalikuwa ya mamlaka ile ile iliyohusika na mauaji.

Vitabu na filamu vilikuja baadaye kujaza pengo hilo. Kitabu cha S. Abdi Sheikh kuhusu mauaji hayo, Blood on the Runway, kilitolewa mwaka 2007, na filamu ya Judy Kibinge, Scarred, ikaonyeshwa mwaka 2015. Machi 26 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita.

MAJINA YA KUBANDIKWA

Urithi mwingine uko katika majina. Ramani na ripoti za wakoloni ziliwaita Wapokot Wasuk, Wakipsigis wakaitwa Walumbwa, nao Waluo na Waluhya wakawekwa pamoja kama Wakavirondo. Majina hayo yamefifia kwa sababu jamii hizo zilipata wasomi, wabunge na wahariri wa kuyakataa. Jamii ndogo hazikuwa na bahati hiyo. Waogiek wameendelea kuitwa Wandorobo, jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Waaweer wa Lamu wangali wanaandikwa Waboni.

Haifai kudhani kwamba makosa ya aina hii ni ya Wazungu peke yao. Watu wa mijini Pwani waliwaita jirani zao wa bara Wanyika, watu wa porini, kabla ya jamii hizo tisa kujichagulia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Kiswahili chenyewe kina maneno ya dharau kwa wasiokaa mijini, na mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuyapima kabla ya kuyatumia.

Kanuni inayofaa si ngumu: jamii iitwe kwa jina inalojiita. Iwapo msomaji hajalizoea, gazeti linaweza kumweleza mara moja katika habari ile ile.

WAVAMIZI AU WENYEJI?

Kisa cha Waogiek wa Msitu wa Mau kinaonyesha kwamba jina na sifa vina uzito hata mahakamani. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934 iliona kwamba watu hao hawakustahili kutengewa ardhi yao wenyewe, ikapendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Serikali za baada ya uhuru zilifuata njia hiyo. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni.

Katika habari nyingi za wakati huo, wote waliokuwa Mau waliwekwa katika kapu moja la wavamizi na waharibifu wa chemchemi. Vigogo waliojigawia mashamba, walowezi walionunua ardhi kwa nia njema na Waogiek walioishi humo tangu enzi za mababu walisomeka kama watu wa aina moja.

Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika katika namna ilivyowatendea Waogiek, na kwamba hawangeweza kulaumiwa kwa uharibifu wa msitu huo. Juni 23, 2022, mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya Sh157,850,000 na ardhi yao itambuliwe. Hata hivyo, Novemba 2023 familia nyingine zilifurushwa Sasimwani, Kaunti ya Narok.

Mwandishi anayeliandika tukio kama hilo baada ya uamuzi wa 2017 hana budi kuutaja. Kuandika "wavamizi" bila kueleza kwamba mahakama ilisema vingine ni kuchagua upande, hata kama mwandishi hakukusudia.

UZITO WA VITENZI

Kiswahili kina njia nyingi za kueleza kifo, na kila moja hubeba lawama kwa kiasi chake. Polisi wanapofyatua risasi, "polisi wameua watu watatu" hutaja mtendaji. "Watu watatu wameuawa" humficha. "Watu watatu wamepoteza maisha" huenda mbali zaidi, kana kwamba marehemu waliyaangusha maisha yao njiani. Mhariri anayetaka kujipima anaweza kulinganisha kurasa zake mwenyewe, aone ni wafu wa wapi wanaouawa na ni wa wapi wanaopoteza maisha.

Vivyo hivyo kwa maneno ya kueleza chanzo cha vita. Mapigano ya Pokot, Turkana, Samburu na Baringo huandikwa kwa kawaida kama wizi wa mifugo unaotokana na mila. Ni kweli kwamba uvamizi wa mifugo una historia ndefu. Lakini mila haielezi biashara ya nyama mijini, ushindani wa mipaka na kura, wala bunduki za kisasa. Mnamo Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa karibu na Baragoi. Tukio la ukubwa huo likitokea mjini, wanahabari huuliza nani alitoa silaha na nani alipanga operesheni. Likitokea bondeni Suguta, neno mila hutosha kuyafunga maswali yote.

Kuna pia neno la kuhamahama. Mfugaji wa Borana au Gabra hatangitangi ovyo. Ana njia zake, visima vyake, majira yake na makubaliano na majirani. Habari inayomsawiri kama mtu asiye na makao humnyima haki ya ardhi kabla hajafika mbele ya hakimu.

HURUMA ISIYO NA JINA

Si kila habari mbaya ni ya matusi. Nyingine huandikwa kwa huruma. Wakati wa ukame wa mwaka 2011, Wakenya walichanga mamia ya mamilioni ya shilingi kuwasaidia waathiriwa, hasa wa Turkana. Picha za watoto waliokonda zilisaidia kuwagusa wengi. Lakini picha ya aina hiyo mara nyingi huwa na maelezo mafupi: mtoto Turkana, mama Turkana, mzee Turkana. Mhisani hutajwa jina, cheo na kampuni. Anayepokea unga hatajwi.

Wakenya wenyewe wanaufahamu uchungu wa kutendewa hivyo. Januari 2019, baada ya shambulio la Riverside, Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa, na umma ukalalamika vikali kwamba lisingefanya hivyo kwa wafu wa Marekani. Swali hilo hilo mkazi wa Mandera au Kapedo ana haki ya kuliuliza magazeti ya Nairobi.

SHERIA INAVYOSEMA

Katiba ya 2010 imezitambua jamii hizi. Kifungu cha 260 kinafafanua jamii iliyotengwa, kikiwajumuisha wenyeji wanaoishi kwa uwindaji na ukusanyaji pamoja na wafugaji. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali kuhakikisha zinashiriki katika utawala na kupata elimu, ajira, maji na afya. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 7 kinaipa serikali jukumu la kukuza lugha za wenyeji. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwa Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ziliwataka wanahabari waepuke kumtaja mtu kwa dharau kwa misingi ya rangi, kabila, ukoo au dini.

Sheria, hata hivyo, huzuia tusi zaidi ya kuzuia ukimya. Hakuna kanuni inayoadhibu gazeti kwa kutomtuma mwandishi Marsabit, wala kwa kuripoti kuhusu Wamakonde wa Kwale pale tu walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Walikuwa wameishi nchini kwa miongo mingi bila uraia. Waliposafiri kuwafuata wakuu, ndipo walipopata nafasi ya kusikika, na serikali ikawatambua. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

MIFANO YA KWINGINE

Baadhi ya vyombo vya nje vimejichunguza hadharani. Mnamo Aprili 2018, jarida la National Geographic la Marekani, lililoanzishwa 1888, lilimtumia mwanahistoria John Edwin Mason kuchunguza matoleo yake ya zamani, na mhariri wake, Susan Goldberg, akakiri kwamba kwa miongo mingi habari zake zilikuwa za kibaguzi. Novemba 30, 2020, kampuni ya Stuff ya New Zealand iliwaomba msamaha Wamaori, baada ya wanahabari wake kupekua kumbukumbu za magazeti yake ya zaidi ya karne moja na nusu.

Kujichunguza kwa namna hiyo kunawezekana pia nchini Kenya, kwani nakala za magazeti ya zamani zimehifadhiwa. Kinachohitajika ni watu kutengewa muda wa kuzisoma, kuanzia habari za vita vya shifta hadi zile za Mau, na kuwaeleza wasomaji kile kilichokosewa na kile kilichoachwa.

KAZI ILIYOBAKI

Kuuondoa ukoloni katika habari si kuzipamba jamii zilizotengwa. Miongoni mwao kuna wezi wa fedha za kaunti, wazee wanaowanyima wanawake urithi na viongozi wanaochochea vita. Kuwafichua ni sehemu ya kuzitendea haki, kwa sababu wanaoumia kwanza ni watu wao wenyewe. Kadhalika, si busara kumchukua mzee mmoja au shirika moja la misaada kuwa msemaji wa jamii nzima. Anayezuru manyatta na kumhoji chifu pekee amerudia kosa lile lile kwa mavazi mengine.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, vyombo vingi vilianza pia kuandika "jamii fulani" badala ya kutaja makabila, kwa nia ya kutuliza joto. Nia ilikuwa njema, lakini msomaji huachwa akibahatisha ni nani aliyeshambuliwa, na mwathiriwa hupoteza hata ushahidi wa kuwa mwathiriwa.

Mambo ya kufanya yanajulikana, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Taarifa ya polisi iandikwe kama dai la polisi hadi ithibitishwe. Waliofariki watajwe majina panapowezekana na familia zao zikiridhia. Wanahabari waajiriwe kutoka kaunti za pembezoni, nao waruhusiwe kuandika pia kuhusu benki, michezo na siasa za kitaifa, wasifungiwe katika habari za ukame. Mwandishi arudi mahali pa tukio baada ya mwaka mmoja, aone kama ahadi zilitimizwa.

Wahenga hao hao walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huko Wajir, wapo wajane wa Wagalla ambao wangali wanadai kwamba waume zao wahesabiwe. Magazeti hayawezi kuwafufua wafu hao. Yanaweza, walau, kuchapisha majina yao.